Gede: Wafu wa Kuogopwa au Wafu wa Kuzuriwa?

Kusini ya Malindi, karibu na njia ya kuelekea Watamu, upo msitu mdogo uliozingirwa na mashamba na nyumba za watu. Ndani yake mna mji wa mawe. Gede ilianza karne ya 12, ikastawi karne ya 15, na ilipoingia karne ya 17 wenyewe walikuwa wameanza kuihama. Kuta zake za matumbawe na chokaa zingalipo: msikiti mkuu na mihrabu yake, jumba la mtawala, nyumba za matajiri zenye nyua na vyoo, visima virefu, na makaburi. Mojawapo ya makaburi hayo lina maandishi yenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, unaoangukia 1399 kwa hesabu ya Miladi.

Lakini Gede imesifika zaidi kwa jambo jingine. Husemwa kwamba mahali pale pana wenyewe wasioonekana, na kwamba anayeondoka na jiwe au kigae cha mji huo huondoka na balaa. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeufukua mji huu kuanzia 1948 hadi 1958, aliandika kwamba siku za mwanzo za kazi alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta, hakina uadui wala urafiki, kinangoja tu. Maneno hayo ya msomi yameupa uvumi nguvu kuliko hadithi nyingi za wenyeji.

Julai 2024 UNESCO iliiandika Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi swali la kuwaambia nini wanaokuja si la barazani tena, ni la sera na la riziki. Je, sifa ya mizimu ni mtaji wa kutumiwa, ni kinga ya kutunzwa, au ni dhuluma kwa waliozikwa pale?

Nimeiweka hoja hii mbele ya wasemaji wanne: mwongoza wageni, ustadhi, mzee wa Kigiriama na mwalimu wa historia. Hawa si watu fulani. Ni misimamo inayosikika kila siku kati ya Mombasa na Lamu, nami nimempa kila mmoja hoja zake zilizo bora, maana kumshinda mtu uliyemfunga mikono si ushindi. Mwishoni nitasema langu.

Hadithi na riziki

MWONGOZAJI: Niruhusuni nianze, kwa kuwa mimi ndiye ninayesimama na wageni langoni. Mgeni akishuka garini haulizi msikiti ulijengwa lini. Anauliza kama ni kweli hapa pana majini. Nikimjibu hapana, shauku inamwisha pale pale. Atawapiga picha kima wawili watatu, atatazama saa, atakwenda zake ufukweni. Nikimwambia twende nikuonyeshe, atanifuata mpaka kisima cha mwisho, na njiani nitamweleza yote mnayotaka ayajue: kauri za China zilizofukuliwa hapa, mifereji ya maji, mihrabu. Hadithi ya jini ndiyo inayomfungua masikio. Kuna nini kibaya?

Tena tusisahau wanaoishi kando ya uzio huu. Vijana ni wengi na kazi ni haba. Miaka ya tisini ulianzishwa hapa mradi wa Kipepeo. Wakulima walifundishwa kufuga vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke na kuuza mabuu yao ng'ambo yakiwa bado kwenye vifuko. Watu walioutazama msitu kama kuni na ardhi wakaanza kuutazama kama shamba lao. Somo ni wazi: kitu kikimlisha mtu, atakilinda. Hadithi za mizimu nazo zinaweza kutulisha. Zipo nchi zinazotoza watu pesa nzuri kuzunguka makaburi ya kale usiku na taa mkononi. Sisi tuna mji mzima.

USTADHI: Mwanangu, riziki ni haki yako na hakuna anayekunyima. Ila tukumbushane tunamzungumzia nani. Waliolazwa pale ni Waislamu. Walioshwa, wakakafiniwa, wakaswaliwa, wakaelekezwa Kibla. Kuzuru makaburi hakujakatazwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mwanzo kisha akaruhusu, kwa sababu ziara humkumbusha mtu akhera. Na ziara ina adabu zake. Unawatolea salamu wenye makaburi, unawaombea, hukalii kaburi, hulikanyagi. Sasa nionyeshe ni wapi katika adabu hizo anaingia mtu mwenye taa, amelipa ili atishwe, anacheka na kupiga mayowe juu ya kaburi la Muislamu.

MWONGOZAJI: Lakini wewe mwenyewe, ustadhi, huyakani majini.

USTADHI: Siyakani, yametajwa katika Qurani. Ninalokana ni kumgeuza maiti kuwa jini. Aliyefariki ameondoka duniani, hesabu yake iko kwa Mola wake. Ukisema anazurura msituni akiwasumbua wapita njia, umemzulia mtu asiyeweza kujitetea. Angekuwa babu yako aliyezikwa mwaka jana pale Malindi, ungekubali asemwe hivyo kwa kiingilio?

Woga kama uzio

MZEE: Mmesema nyote, sasa nisikilizeni mimi. Mwongozaji anataka kuuza woga, ustadhi anataka kuuondoa. Hakuna kati yenu aliyeuliza woga huo umefanya kazi gani.

Simameni nje ya uzio mtazame pande zote. Ni mahindi, mihogo, minazi, mabati. Mbona mashamba yalikoma hapa? Serikali ya kikoloni iliutangaza mji huu kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo nani alilinda? Hapakuwa na askari, hapakuwa na tiketi. Palikuwa na mwiko. Mtu hakuingia na shoka mahali penye wenyewe. Ndivyo zilivyopona kaya zetu za Mijikenda, ile misitu yetu mitakatifu. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika nazo kuwa urithi wa dunia, lakini haikuwa UNESCO iliyozitunza karne zote hizo. Ni wazee, na kauli yao kwamba mti huu haukatwi, jiwe hili halisogezwi, na atakayevunja atatozwa.

Wageni wanasema wanasikia mtu akitembea kwenye majani makavu, wakigeuka hawaoni kitu. Mimi nitawaambia mara nyingi ni nini. Ni sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu. Akishtuka hukimbia kwa kuruka, na kila akitua miguu yake hupiga majani kwa kishindo kisichofanana na mwili wake. Huyo hana makao mengi duniani zaidi ya misitu michache ya pwani yetu, na msitu huu wa magofu ni mmoja wao. Nani aliyemwachia kipande hiki cha msitu? Watu walioogopa kukifyeka. Ukiwafundisha watoto kwamba hapa hapana kitu, ni mawe tu na wanyama, watakachofanya mnakijua. Mawe ni ya kujengea na wanyama ni kitoweo.

MWALIMU: Mzee, hoja yako nzito, na nakubali nusu yake. Mwiko umelinda mengi ambayo sheria isingeyaweza. Lakini mwiko una udhaifu mmoja: humzuia anayeuamini tu. Twende Kunduchi, pembeni mwa Dar es Salaam. Pale kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Mafundi walipachika bakuli za kauri za China kwenye nguzo chokaa ilipokuwa bado laini, kama walivyofanya kwenye makaburi mengi ya pwani hii mpaka Lamu. Leo ukikaribia utaona vishimo vya mviringo. Chokaa ingali imeshika duara la kitako cha bakuli, unaweza kupitisha kidole ukalifuata. Bakuli zenyewe zimeng'olewa. Mwenye kuzing'oa hakuogopa mizimu, au alikuwa na mnunuzi aliyemlipa kuushinda woga wake.

Na kuna vigango vyenu wenyewe. Mzee wa chama cha Gohu akifariki, husimamishiwa nguzo ya mti iliyochongwa, roho yake ipate makao. Hakuna kitu chenye mwiko mkali kuliko hicho. Kikiondolewa, ukoo hutarajia ukame, maradhi na vifo. Pamoja na mwiko wote huo, vigango kwa mamia viliibwa nyumbani kwa watu, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho na sebule za matajiri Marekani. Mwiko ulikuwa wapi?

MZEE: Unanipa ushahidi wangu mwenyewe, mwalimu. Walioving'oa wengi walikuwa vijana wetu, watoto waliokwisha kuambiwa kwamba nguzo za babu zao ni ushenzi. Woga ulitoka kwanza, wizi ukafuata. Sasa mnataka kuutoa na hapa Gede?

MWALIMU: Nakusikia. Ila uliza pia vigango vilirudi vipi. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa familia akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka ikapita, mtafiti huyo akaviona kwenye picha zilizoonyeshwa kwenye mkutano wa wasomi Marekani, akavitambua. Mwaka 2007 vikarejeshwa Kenya. Baadaye makumbusho ya Denver nayo yakaamua kurudisha vigango 30, lakini kazi ya kujua kila kimoja ni cha ukoo upi ikawa ngumu, maana vilichukuliwa bila jina. Tazama tofauti hiyo, mzee. Vile viwili vilirudi kwa wenyewe kwa sababu palikuwa na picha, na palikuwa na mtu anayesema huyu ni ndugu yangu. Mwiko ulikuwa juu ya vigango vyote sawasawa. Kilichotofautisha ni kujulikana.

Kaburi lenye ndugu

MWONGOZAJI: Mwalimu, sasa umenigusa. Lakini vigango vina ukoo. Gede ina ukoo gani? Lile kaburi maarufu tunaliita kwa tarehe yake, hatuliiti kwa jina la mtu. Hakuna anayekuja langoni kwangu akaniambia amekuja kumzuru babu yake.

MWALIMU: Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wetu, na ndipo nilipotaka tufike. Linganisha Gede na Takwa. Takwa iko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya kijiji cha Shela, Lamu. Nayo ni mji wa Waswahili uliohamwa, mwishoni mwa karne ya 17 au karibu na hapo, na inasemwa maji ya visima yaliingia chumvi. Nayo ina msikiti usio na paa, miti iliyoota ndani ya nyumba, na kaburi kubwa la nguzo lenye tarehe ya 1094 ya Hijria, yaani miaka ya 1682 na 1683. Kwa sura na ukimya, Takwa ingeweza kuwa mji wa mashetani sawasawa na Gede. Lakini watu wa Shela wanajijua kuwa ni kizazi cha Takwa. Wameendelea kuvuka na kwenda kwenye kaburi lile kusoma dua na kuomba mvua. Kwao aliyelala pale ni mzee wao.

Gede kamba hiyo ilikatika. Watu walitawanyika na jina la ukoo halikubaki kwa yeyote. Wareno walikaa Malindi jirani kabisa, lakini katika maandishi yao mji huu hautajwi. Msitu ukafunika. Mwaka 1884 akaja Mwingereza John Kirk, kisha wengine, na kila mmoja akaukuta kama mji usio na mwenyewe. Mahali pasipo na ndugu wa kusema huyu ni wetu, shetani hupata nafasi.

Na sisi wasomi tuna lawama yetu. Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliiita Gede, kwenye jalada lenyewe, mji wa Waarabu. Kwa miaka mingi watoto wa shule walipelekwa pale wakaambiwa kwamba wageni walikuja, wakajenga, wakaondoka. Mtoto wa Kigiriama au wa Kiswahili akisikia hivyo, anaona nini mbele yake? Makaburi ya watu asiowajua, waliotoka asikokujua, wakapotea asikoelewa. Usimshangae akiogopa.

USTADHI: Wataalamu wa leo wanasemaje?

MWALIMU: Kwamba miji hii ilikua kutoka kwa watu wa pwani hii hii, wakulima, wavuvi na wahunzi, wakafanya biashara na bahari nzima na kuoana na waliokuja kwa jahazi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na maeneo ya jirani, kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko, walioishi kati ya takriban 1250 na 1800. Upande wa akina mama asili yao ni ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Yaani masimulizi ya Washirazi, ya asili ya Uajemi, waliyokuwa nayo wazee wetu, yaliyodharauliwa na baadhi ya wasomi, yalibeba ukweli wake. Na bibi zao walikuwa wa hapa hapa.

USTADHI: Nafurahi kuyasikia hayo, lakini moyo unasita. Ili myajue mlifungua makaburi. Mmeniunga mkono dhidi ya mwongozaji anayetaka kuingia na taa, kisha ninyi mnaingia na sepeto. Mfupa wa maiti una heshima kama mfupa wa aliye hai.

MWALIMU: Swali hilo ni la haki, ustadhi, na silikwepi. Kaburi halifai kufunguliwa bila ridhaa ya jamii inayolizunguka, na mabaki hayafai kukaa kwenye maboksi ya maabara bila mpango wa kurudishwa ardhini. Palipofanyika kinyume, lilikuwa kosa. Ila mimi kama mwanahistoria siwezi kufurahi kwamba waliolala pale wabaki wageni milele. Kidogo kilichokwisha kujulikana kinatutosha kuanza kuwaita watu wetu, bila kaburi jingine kuguswa.

Cha kusimulia

MWONGOZAJI: Sawa. Tuseme nimeacha majini. Nipeni cha kusimulia basi. Mgeni hatanifuata kwa ajili ya vinasaba.

MWALIMU: Unacho tayari, unapita juu yake kila siku. Nyumba za Gede zimepewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kauri, nyumba ya ushanga wa Venice. Msimamishe mgeni kwenye kizingiti cha nyumba ya mkasi, umwambie kwamba hapa paliishi mtu aliyekata nguo. Mwonyeshe choo cha ndani na mahali pa kutawadhia. Mwambie kauri ile ilisafiri kutoka China ikapokewa hapa na watu waliojua thamani yake.

Kisha mpeleke visimani, umwulize mji kama huu unahamwaje. Hapo utamshika. Mwambie ipo dhana kwamba maji ya chini yalishuka, na kwamba visima vililazimika kuchimbwa zaidi. Mwambie kwamba mwishoni mwa karne ya 16 wapiganaji wa Kizimba walipita pwani wakiua na kuchoma. Mwambie kwamba mwaka 1593 mtawala wa Malindi alihamia Mombasa na nguvu ya upande huu ikapungua. Mwambie Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Mwonyeshe ukuta wa ndani, uliojengwa baada ya ule wa nje, mji ukijikusanya mahali padogo zaidi. Mwulize: ungekuwa wewe, mwenye watoto na mzee asiyeweza kutembea mbali, ungeondoka mwaka gani? Hakuna jini litakalomshika mtu moyo kama swali hilo.

MWONGOZAJI: Hilo linasimulika. Sikatai. Lakini kulisimulia kunahitaji mtu aliyefundishwa na anayelipwa. Mizimu haihitaji mafunzo, ndiyo maana inasimuliwa na kila mtu. Mkitaka niache hadithi ya bure, nipeni elimu, na sehemu ya kiingilio irudi kijijini.

MZEE: Umesema kweli, mwanangu. Na mimi nina langu la mwisho. Mnasema waliolala pale wawe ndugu. Vizuri. Lakini koma, roho za wahenga, kwetu ni ndugu pia. Hatuwaogopi kama mnavyomwogopa chui. Tunawaogopa kama mtoto anavyomwogopa mzazi wake. Watu wetu wamekuwa wakienda mahali pale kuomba, na ubani, na kitambaa, na maji ya waridi. Mkija na vibao na mafunzo yenu, msitufukuze kwa jina la historia.

USTADHI: Mzee, tutaishi kwa wema, lakini siwezi kunyamaza. Kafara juu ya kaburi la Muislamu sikubaliani nayo.

MZEE: Nami sikukuomba ukubaliane nayo. Nimekuomba tusifukuzane.

Kauli yangu

Nimemsikia kila mmoja, na sasa natoa msimamo wangu.

Mwongozaji ana haki ya riziki, na anasema kweli kwamba mgeni hafunguki kwa orodha ya tarehe. Lakini ziara ya kutishana kwenye makaburi ya Gede naikataa kabisa. Nchi zinazofanya hivyo hufanya kwa wafu ambao majina yao yamo kwenye vitabu na mawe, na historia yao inafundishwa darasani. Mtu wa huko akicheka makaburini usiku, asubuhi bado anajua aliyezikwa pale ni nani. Sisi hatujafika hapo. Wafu wetu wa Gede walinyang'anywa jina mara mbili: mara ya kwanza mji ulipohamwa, mara ya pili walipoandikwa kuwa ni watu wa kwingine. Kuwauza sasa kama mashetani ni kuwanyang'anya mara ya tatu, na safari hii mikono itakuwa yetu.

Mzee amenifundisha jambo ambalo wapinzani wa uvumi hulipita haraka. Woga ule ulifanya kazi halisi. Uliacha msitu, sange na kuta. Anayetaka kuuondoa lazima aseme ataweka nini mahali pake, na kibao cha chuma hakitoshi. Jibu langu ni undugu. Mfano wa Takwa ndio unaonishawishi kuliko hoja nyingine yoyote: kaburi linalozuriwa na watu wanaolidai kuwa lao linalindika bila shetani. Mwalimu naye ameonyesha kwa vigango kwamba anayejulikana hutafutwa, na anayetafutwa huenda akarudi. Mwiko na kujulikana vinaweza kufanya kazi pamoja. Ila mwiko peke yake, palipo na mnunuzi, umeshindwa.

Wapo watakaosema undugu huu ni wa kubuni, kwa kuwa hakuna anayeweza kutaja babu yake wa Gede. Siutaki wa nasaba iliyotungwa. Nautaka undugu wa aina ile ambayo jirani wa msiba huwa nayo kwetu: hukumjua marehemu, lakini umesikia pana maziko, unavaa kofia au kujitanda kanga, unakwenda. Pwani hii haijawahi kudai cheti cha ukoo ili mtu amheshimu maiti.

Basi nayaweka wazi ninayoyataka. Makaburi ya Gede yawe kituo cha kwanza cha ziara, kabla ya jumba la mtawala. Hapo mwongozaji aeleze kwamba tunaingia nyumbani kwa watu, na kila mmoja atoe heshima kwa desturi yake, Muislamu kwa salamu na dua, asiye Muislamu kwa utulivu. Maelezo ya vibao yaandikwe kwa Kiswahili na Kigiriama kabla ya lugha nyingine yoyote, na yaseme bila kumung'unya kwamba waliojenga hapa ni watu wa pwani. Makavazi ya Kitaifa yawafundishe vijana wa kijijini kusimulia mji huu na yawape ajira ya kudumu, maana heshima inayotegemea njaa ya mtu haidumu. Wazee wa Kigiriama na viongozi wa Kiislamu wakae meza moja na wahifadhi, wapange mahali pa maombi ya kila upande na mipaka ya kila upande, na waandikiane. Hawatakubaliana kuhusu kafara. Wanaweza kukubaliana kuhusu nani anasimama wapi.

Na mgeni akiuliza langoni kama ni kweli hapa pana majini, ajibiwe kwamba hapa pana watu. Waliishi karne nne na zaidi, walisali, walikata nguo, walichimba visima, walizikana. Kisha aongozwe kwao.